Ukikaribishwa Kusonga Mbele

Kwenye sataranji, unamsogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili. Mwenzako, badala ya kukujibu kwa askari, anatoa farasi. Ukimsukuma anahama, ukimfuata kwa askari wa pili na wa tatu anahama tena, mpaka unajikuta na askari wanne wamejipanga katikati ya ubao, naye amesogeza mmoja tu, tena hatua moja. Mpita njia akichungulia atakupa pongezi.

Asubiri kidogo. Huu ni ulinzi wa Alexander Alekhine, Mrusi aliyeucheza Budapest mwaka 1921, enzi ambazo kina Aron Nimzowitsch na Richard Réti walishikilia kwamba katikati ya ubao si lazima uikalie: mwachie mwenzako aijaze, kisha ibomoe kwa mbali. Si mzaha. Bobby Fischer aliutumia Reykjavik mwaka 1972, katika mchezo wa 13 wa pambano la ubingwa wa dunia, akamfunga Boris Spassky kwa kete nyeusi.

Hapa Nyamuswa mchezo wa kijiweni ni bao, na bao lina heshima yake. Inasimuliwa kwamba Makongoro, mtemi wa Ikizu, alivutiwa na jinsi mtoto wa mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alivyocheza bao, akashauri apelekwe shule. Mwaka 1934 mtoto huyo, Kambarage, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma. Lakini kwenye bao la Kiswahili, ukiweza kula, lazima ule. Sataranji inakuruhusu kukiona chakula na kukiacha, na mimi naona hapo ndipo ugumu wake ulipo.

Jirani yangu mmoja aliwahi kuachiwa shamba na ndugu yake aliyehamia Mwanza. "Lima lote," aliambiwa, bila kodi. Trekta lingelimaliza kwa siku moja. Mkewe akauliza swali moja tu: "Baba, palizi ataifanya nani?" Palizi huku ni jembe la mkono, na mahindi yakikomaa tembo huja usiku kutoka upande wa Serengeti, mtu analala shambani akigonga debe. Jirani akalizunguka shamba lile jioni nzima, akachukua kipande ambacho debe likigongwa, nyumbani linasikika. Kijiweni walimcheka. Mtu anapewa ardhi bure anakataa!

Basi na mimi dhidi ya Alekhine nachukua askari wawili katikati, halafu natoa farasi. Mwenzangu ataleta askofu ambane farasi wangu. Natoa askofu wangu, naingiza mfalme ngomeni, na askari wa tatu atasubiri mpaka awe na wa kumlinda. Njia ya askari wanne si mbovu, wapo wanaoijua hesabu yake na wanashinda nayo. Ila inataka ukumbuke kila hatua, maana mmoja akianguka wenzake wanabaki uchi.

Kijana ninayecheza naye haipendi kabisa njia yangu. "Mwalimu, mbona unacheza kama umeshiba?" Siku nikimpa askari wanne anachangamka, anacheza haraka haraka, mkono mmoja kwenye simu. Nikimpa wawili simu inawekwa chini, anajikuna kichwa, kwa sababu sasa itambidi atafute mwenyewe cha kushambulia.