Kushoto Mpaka Lushoto

Wanasema ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Mimi naongeza: safiri naye kwenye gari jipya ambalo usukani wake haujakaa sawa.

Gari letu lilikuwa na wiki tatu tu tangu litoke bandarini. Jipya kwetu, maana Japani lilishatumika, lakini mume wangu alilichukulia kama mtoto wa kwanza: hakuna kula ndani, hakuna kubamiza mlango. Tulichanga miaka miwili, nusu kwa nusu. Basi ndoa ilipotimiza mwaka, tukasema twende Lushoto tukapumue hewa ya milimani.

Tulitoka Dar saa kumi na moja alfajiri. Chalinze tukabadilishana, nikakaa mimi kwenye usukani. Hatujafika hata daraja la Wami nikahisi kitu. Nikilegeza mikono kidogo, gari linajipeleka kushoto, taratibu, kama mbuzi aliyeona majani. Na hata barabara ikiwa imenyooka, usukani wenyewe umekaa upande.

"Baba, hili gari linavuta."

"Ni barabara hiyo," akajibu bila kuniangalia. "Si unajua zinainamishwa ili maji yapite? Wewe hujalizoea tu."

Kuhusu mwinamo hakukosea. Barabara nyingi zimeinamishwa kidogo pembeni, na sisi tunaopita kushoto gari huelekea upande huo. Ila hata palipokuwa tambarare kabisa, lilivuta. Nikanyamaza. Mashamba ya mkonge yakapita, mkono unaniuma, naanza kuamini kweli sijui kuendesha.

Korogwe tukapima upepo. Tairi la mbele kushoto lilikuwa na PSI 24, la kulia 32. "Unaona!" mume wangu akafurahi kweli. Tukajaza. Likapunguza kuvuta, lakini halikuacha.

Mzee wa Mombo

Mombo ndipo unapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda Usambara. Ni kilomita 33 hivi mpaka Lushoto, kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima, huku bonde. Nikasema huko siendi na gari linalojichagulia upande. Akanuna. Nikapaki kwenye gereji ya chini ya mti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Linasumbua nini?"

Mzee hakukimbilia spana, alianza na maswali. Linavuta wakati wote, au ukikanyaga breki tu? Wakati wote. Usukani unatetemeka mkienda kasi? Hapana. Alinieleza kwamba likivuta kwenye breki tu, kaangalie breki. Likitetemeka kwenye kasi, mara nyingi ni balansi ya magurudumu. Akasogeza kiganja karibu na rimu za mbele: joto sawa, kwa hiyo hakuna breki iliyong'ang'ania. Kisha akabadilishana matairi ya mbele, la kulia likaenda kushoto. Tatizo lingekuwa tairi, gari lingeanza kuvuta kulia. Tukazunguka nalo. Kushoto vilevile.

Ndipo akachuchumaa, akapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na madigadi, mbele na nyuma, kila upande. Gurudumu la kushoto lilikuwa limerudi nyuma kidogo. Akaingia uvunguni.

"Hapa palipigwa," akasema. "Huu mkono wa chuma unaoshika gurudumu umepinda. Si wa siku nyingi."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anaangalia mlima.

"Jumanne," akasema hatimaye. "Nilimkwepa bodaboda, nikapanda ukingo wa barabara. Nikaona tairi zima, nikajua yameisha. Na nusu ya gari ni hela yako. Ningeanzia wapi kukuambia?"

Jamani, nilichukia. Chuma kinanunulika. Lakini tangu Chalinze aliniacha nishuku mikono yangu mwenyewe, na yeye anajua!

Kupanda bila usukani

Spea ingefika kesho yake kwa basi kutoka Tanga, na mzee alikataa katakata tupande na gari lile. Tukaingia daladala, tumebanana na vikapu vya watu. Na ndiyo bahati yetu! Dereva wa njia ile macho yake ni kwenye kona tu. Sisi tuliona maporomoko ya Soni pembeni ya barabara, migomba iliyoshikilia mteremko, baridi ikaanza kuingia dirishani. Sikusema neno mpaka Soni. Baada ya Soni nikakubali kushikwa mkono.

Jioni tukasimama Irente, ukingoni mwa mlima. Chini kabisa kuna tambarare ya Mazinde, magari ya barabara kuu madogo kama siafu. "Samahani," akasema. "Si kwa kugonga. Kwa kukwambia hujalizoea." Hilo ndilo nililolisubiri.

Jumapili mzee alishafunga spea, akanyoosha magurudumu kwa uzi. "Hii ni ya kuwafikisha tu," akatuonya. "Dar mpeleke kwenye mashine ya alaimenti." Tukapeleka, na sasa usukani umekaa katikati.

Kwa hiyo nawe gari likianza kuvuta, usikimbilie kulipia alaimenti. Anza na upepo, halafu matairi, halafu breki, halafu vyuma vya chini. Kunyoosha magurudumu huku chuma kimepinda ni kupoteza hela, na magurudumu yakikaa vibaya, tairi huliwa upande mmoja.

Na kama uligonga mahali, mwambie mwenzio kabla hamjafika mlimani. Kurudi Dar niliendesha mimi, mpaka nyumbani. Yeye alikuwa anamenya machungwa, ndani ya gari.