Chui wa Bahari ya Kusini Apungukiwa na Barafu

Kusini kabisa mwa dunia, mahali ambapo ramani nyingi za shuleni huonyesha ukanda mweupe tu usio na jina la mji wala mto, liko bara la Antaktika. Bara hilo halina wenyeji. Halina kijiji, halina shamba, wala halina mti hata mmoja. Walakini bahari inayolizunguka imejaa viumbe, na miongoni mwao yumo mwindaji aliyepewa jina la mnyama ajulikanaye sana katika Afrika, nalo ni chui.

Huyu si chui wa msituni. Ni aina ya sili, yaani mnyama wa baharini apumuaye hewa, azaaye na kunyonyesha kama ng'ombe, na ambaye miguu yake imekuwa mapezi ya kuogelea. Aliitwa sili-chui kwa sababu ya madoa yaliyotapakaa kooni na tumboni mwake. Wale waliomwona akiwinda husema kwamba hata kama asingekuwa na madoa, jina hilo lingemfaa.

RASI YA SHIRREFF

Msafiri atokaye ncha ya Amerika ya Kusini huvuka kwanza Mlango wa Drake, ambao mawimbi yake huwaogofya hata mabaharia wazoefu. Baada ya siku mbili hivi huviona Visiwa vya Shetland ya Kusini. Kimojawapo ni kisiwa cha Livingston, ambacho sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu mwaka mzima. Upande wa kaskazini wa kisiwa hicho imechomoza rasi ndogo iitwayo Shirreff. Kiangazi cha huko kinapowadia, yaani kuanzia Desemba hadi Februari, theluji ya rasi hiyo huyeyuka, mawe na changarawe zikajitokeza. Hapo ndipo pengwini, ndege wasioruka bali huogelea, hutaga na kulea makinda yao. Hapo pia ndipo sili wa manyoya huzaa. Mahali palipo na watoto wengi namna hiyo, mwindaji hakosekani.

UMBILE NA MAWINDO YAKE

Kwa sili-chui, jike ndiye mkubwa kuliko dume. Jike aliyekomaa huweza kufikia urefu wa mita 3 na nusu na uzito wa kilo 500 au zaidi. Kichwa chake ni kirefu, na ukimtazama kwa mbele hufanana zaidi na nyoka kuliko chui. Meno yake ya mbele ni marefu na makali, yamefanywa kwa kushika na kurarua.

Ajabu iko kwenye magego. Kila gego lina ncha tatu, na magego ya juu yanapokutana na ya chini hufanya chujio. Mnyama huyu huvuta maji kinywani pamoja na uduvi wa bahari ya baridi, kisha huyasukuma maji nje, na uduvi ukabaki ndani kama machicha yabakiavyo kifumbuni tui linapokamuliwa. Uduvi huo haupiti sana urefu wa sentimeta 6, lakini ni sehemu kubwa ya chakula chake. Hivyo yule atishaye kuliko wote katika barafu hushibishwa kwa kiasi kikubwa na mmoja wa walio wadogo kabisa.

Uduvi usipomtosha, au msimu unapogeuka, huwinda samaki, pengwini na sili wengine. Hujificha majini chini ya ukingo wa barafu, akingoja pengwini waruke kuingia baharini. Akimkamata mmoja, humpigapiga juu ya maji kwa nguvu hata ngozi na manyoya yakachanika, maana hana mikono ya kumshikia. Yeye mwenyewe hana adui isipokuwa nyangumi muuaji na binadamu.

Mnyama huyu mkali ni mwimbaji pia. Msimu wa kujamiiana ukifika, dume huning'inia majini kichwa chini, akatoa sauti ndefu za kutetemeka kwa saa nyingi, ili majike walio mbali wamsikie.

YEYE NA BINADAMU

Habari zake na watu ni chache, nazo hazifanani. Baada ya meli ya Endurance ya msafara wa Ernest Shackleton kuzama katika barafu mwezi wa Novemba 1915, mabaharia wake waliishi kambini juu ya barafu ielealeayo. Mmoja wao, Thomas Orde-Lees, alifukuzwa na sili-chui juu ya barafu hiyo, naye akaokolewa na risasi ya mwenzake, Frank Wild. Mwezi wa Julai 2003, mtafiti mmoja wa Uingereza aliyekuwa akiogelea karibu na kituo cha Rothera alikamatwa na sili-chui, akavutwa chini, akafa. Lakini mwaka 2006 mpigapicha wa Kanada, Paul Nicklen, alikaa majini siku kadhaa na jike mkubwa ambaye hakumdhuru. Badala yake jike huyo alimletea pengwini mmoja baada ya mwingine, kana kwamba alimwona kuwa mgeni asiyejua kujitafutia chakula.

SHIDA ILIYOPO

Visiwa vya Shetland ya Kusini viligunduliwa mwaka 1819. Mara wawindaji wakamiminika kutafuta ngozi za sili wa manyoya, na katika miaka michache tu wanyama hao wakakaribia kwisha kabisa. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya kundi lao kuanza kuinuka tena. Katika Rasi ya Shirreff waliongezeka mwaka hadi mwaka, hata ikaonekana kwamba jeraha la kale limepona.

Tangu mwaka 2007 hali imegeuka. Idadi ya watoto wanaozaliwa hapo imepungua kwa zaidi ya robo tatu. Mama wa sili wa manyoya hukaa na mtoto wake siku chache tu baada ya kuzaa, kisha hulazimika kwenda baharini kutafuta uduvi, akamwacha mtoto pwani peke yake kwa siku kadhaa. Hapo ndipo sili-chui hutokea. Watafiti waliohesabu watoto hao wameona kwamba katika miaka ya hivi karibuni zaidi ya nusu yao huliwa kabla ya kuachishwa ziwa. Kamera ndogo walizowafunga sili-chui wachache katika viangazi vya 2013 na 2014 zilionyesha mengi: walinyang'anyana mawindo, wakubwa wakiwapora wadogo, na wengine walificha nyama chini ya bahari ili warudi kuila baadaye.

Je, sili-chui amezidi ukatili? La, hasha. Desturi yake tangu hapo ni kuishi katika barafu ielealeayo. Juu yake hupumzika, na juu yake jike huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha kwa majuma machache. Lakini pande hizo za Antaktika zilipata joto kwa karibu nyuzi 3 za sentigredi katika nusu ya pili ya karne ya 20, na msimu wa barafu ya bahari umefupika. Sili-chui aliyekosa barafu hutafuta nchi kavu, na nchi kavu iliyo karibu ni ile waliyolala watoto wa wengine.

Uduvi nao hutegemea barafu hiyo hiyo, kwa kuwa wakati wa baridi wachanga wake hula mimea midogo mno iliyoshika chini ya barafu. Juu ya hayo, meli kubwa huuvua ili kutengeneza chakula cha samaki wafugwao na mafuta ya kuuzwa kama dawa ya lishe. Mkataba wa kulinda viumbe wa bahari hiyo ulitiwa sahihi mwaka 1980, na tume yake ina makao Hobart, Australia. Katika maji ya kusini-magharibi ya Atlantiki kikomo cha uvuvi ni tani 620,000 kwa mwaka. Mwaka 2025 kikomo hicho kilifikiwa kabla msimu haujakwisha, na uvuvi ukafungwa.

Mtu aweza kufikiri kwamba dawa ni kuwapunguza sili-chui ili watoto wa sili wa manyoya wapone. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991 hairuhusu mtu yeyote kuua mnyama wa Antaktika bila kibali maalumu, na ina haki kukataza. Sili wa manyoya hawakumalizwa na sili-chui katika karne ya 19, walimalizwa na bunduki na rungu za wafanyabiashara. Joto linaloyeyusha barafu leo halikutoka baharini, limetoka katika viwanda, magari na majiko ya nchi za mbali. Kumwadhibu mwindaji kwa njaa na kuhamahama ambako si yeye aliyekuanzisha kungekuwa kukosea mara ya pili mahali pale pale. Linalowezekana kufanywa ni kuuachia uduvi uongezeke na kupunguza moshi unaoipasha dunia joto. Barafu ikidumu, chui huyo atarudi kuwinda mahali alipozoea, na watoto wa Rasi ya Shirreff watawangoja mama zao pwani kwa usalama zaidi kuliko sasa.