Wikiendi ya Lisbon, na dhahabu ya Kilwa

Haya wadau, leo siasa tuiweke kando kidogo. Nataka niwasimulie wikiendi moja ya Aprili 2017, nilipokuwa Ujerumani kwa mafunzo ya wiki sita. Majira ya kuchipua yalikuwa yameanza kwenye kalenda tu. Nje tulikuwa bado tunavaa makoti na kofia za sufi. Swahiba wangu wa Msumbiji aliyekuwa akisoma Lisbon akaniandikia: kaka, njoo huku, kuna jua. Tiketi ya bei chee ikapatikana, Ijumaa usiku nikatua.

Lisbon ni mji wa vilima, na magoti yatakuambia kabla ya ramani. Jumamosi asubuhi tulipanda Alfama, mtaa wa zamani kuliko yote pale. Vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa madirishani, mabibi wamekaa mlangoni wakikagua nani anapita na nani. Aliyewahi kupotea Mji Mkongwe wa Zanzibar hatapata taabu: ukichanganyikiwa, shuka tu, utafika majini. Mtaa huo ulinusurika kwa kiasi kikubwa tetemeko la Novemba 1, 1755, lililofuatiwa na mawimbi makubwa ya bahari na moto. Bondeni, Baixa, hali ilikuwa nyingine. Kule mitaa imenyooka kama imepigwa rula, kwa sababu ilibidi ijengwe upya. Kanisa la Carmo wameliacha vilevile, kuta na matao bila paa. Tulikaa mle muda mrefu tukitazama mawingu, bila kusema lolote. Sijui ni lini mara ya mwisho nilikaa hivyo bila kuangalia simu.

Mchana tukawa tunakunywa kahawa na kucheza mchezo wa maneno. Meza, wao mesa. Bendera, bandeira. Mvinyo, vinho. Leso, lenço. Tulipofika kwenye gereza jamaa akacheka, maana wataalamu wanasema limetokana na igreja, yaani kanisa. Jinsi kanisa lilivyogeuka jela lilipofika pwani kwetu, nawaachia wenyewe mjaze. Jioni tukaenda Belém, tukala vile vikeki vya maziwa na mayai vyenye moto (mimi vinne, yeye hakuhesabu), tukapita kwenye monasteri ya Jerónimos alikozikwa Vasco da Gama. Kaburi zuri, jiwe limechongwa, watalii wanapiga picha. Nikapita bila kinyongo. Nilikuwa likizo, bwana.

Jumapili nilikuwa nimeipangia uvivu mtupu. Jamaa akasema kuna jumba la makumbusho la sanaa za kale mtaa wa Janelas Verdes, lina bustani inayoangalia mto Tejo, tukakae huko. Kabla ya bustani tukapitapita ndani. Ndipo nikaiona, peke yake ndani ya kioo: monstransi ya dhahabu, ile ambayo Wakatoliki huwekea Ekaristi. Urefu wake haufiki mita moja. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wadogo kama vidole, wamenakshiwa rangi. Kazi ya sonara Gil Vicente, 1506. Nikainama nisome maandishi ya kwenye kitako, na nikakuta jina la Kilwa. Kilwa yetu!

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtishia Amir Ibrahim kwamba asipokubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno mji utapigwa. Amir akatoa dhahabu. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe monstransi kwa ajili ya monasteri ileile niliyopita jana yake nikilamba sukari vidoleni. Na kodi haikuiokoa Kilwa. Mwaka 1505 msafara wa Francisco de Almeida ulikuja ukauteka mji na kuupora.

Nikamwambia swahiba, hii mali yetu. Akanitazama kwa huruma. "Yenu wapi, kaka? Dhahabu ilichimbwa bara, ikashuka kwetu Sofala. Ninyi wa Kilwa mlikuwa madalali."

"Dalali naye ana kamisheni yake," nikamjibu. Mlinzi akatuonyesha kidole mdomoni. Angekuwepo Mzimbabwe pale angetufukuza wote wawili.

Lakini utani ukiisha kuna jambo linalobaki. Mimi nilishafika Kilwa Kisiwani, nimevuka kwa mashua kutoka Masoko, nimeshika kuta za msikiti mkuu kwa mikono yangu. Siku ile sikusikia habari za monstransi hii, wala sikuona picha yake hata moja. Shuleni tulisoma kwamba Wareno walikuja, walipora, tukapigia mstari, tukafaulu mtihani. Walichochukua kilikuwa neno tu, mpaka nilipokiona kinang'aa mbele yangu, kimetunzwa vizuri, hakina hata vumbi. Hilo la vumbi ndilo lililoniuma zaidi, sijui kwa nini.

Bustanini tulikaa mpaka saa kumi. Jua zuri, mto umetulia, jamaa kalala usingizi kwenye kiti. Dukani nilikuwa nimenunua kadi mbili zenye picha ya ile monstransi. Moja niliiposta kwa mwalimu wangu wa historia. Ya pili anayo yule Msumbiji. Ameibandika ukutani kwake, na chini ameandika kwa wino mwekundu: SOFALA.