Karani Achapa, Seva Yakataa

Siku hizi katika ofisi nyingi hati ya mshahara, barua ya rufaa ya hospitali na stakabadhi ya malipo hazipigwi tena kwa taipureta. Karani hufungua programu katika kivinjari, huandika namba ya mhusika, hubofya neno "Chapa", na karatasi hutoka. Isipotoka, ndipo taabu huanza. Mke wa askari aliyetoka kambini na mtoto mgonjwa mgongoni huambiwa kwamba mtandao umekataa, arudi kesho. Bila karatasi ile hapokelewi aendako, na kesho huenda akapewa jibu lile lile.

Linalowatatiza makarani, hata na mafundi wachanga, ni kwamba printa yenyewe ni nzima. Karani huandika barua katika kompyuta yake, huichapa, nayo hutoka safi papo hapo. Basi hukata shauri kwamba programu ndiyo mbovu. Mtengenezaji wa programu naye huijaribu katika kompyuta yake, huiona inachapa vizuri, hukata shauri kwamba kasoro iko ofisini. Kila mmoja husema kweli kwa alichokiona, lakini hakuna aliyeuliza swali la kwanza: ni nani hasa anayetoa amri ya kuchapa?

Katika programu za namna hii, ombi la karani husafiri hadi kwenye seva, na ni programu iliyo huko inayoiamuru printa. Programu hiyo haitumii jina la karani. Katika seva za Windows zenye IIS, huendeshwa kwa jina la huduma, jina lisilo la mtu yeyote aliyepata kuketi mbele ya kompyuta. Tena printa ya mtandao aliyoiunganisha mtumiaji fulani huandikwa aghalabu katika mipangilio ya mtumiaji huyo peke yake. Msimamizi wa seva akiingia kwa jina lake huiona. Huduma haiioni kabisa, na hujibu kwamba hakuna printa iliyowekwa. Askari ataielewa hali hiyo upesi. Koplo anayejulikana na mtunza ghala hupewa vifaa vyake, lakini akimtuma mgeni asiye na hati, mgeni huyo atarudi mikono mitupu hata kama ghala limejaa.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie kwenye seva. Kwanza itazamwe kama seva inaifikia printa kwa anwani yake; printa nyingi za ofisi hupokea kazi kupitia mlango namba 9100, nyingine 515 au 631. Anwani nayo huweza kuhama. Umeme ukikatika usiku, printa huenda ikaamka asubuhi na anwani mpya, ilhali seva ingali inabisha hodi nyumba ya zamani. Dawa yake ni kuipa printa anwani ya kudumu. Kisha printa iwekwe ndani ya seva yenyewe kwa anwani hiyo, ili isiwe mali ya mtumiaji mmoja, na jina la huduma lipewe ruhusa ya kuchapa. Ya kuchapa tu! Wako mafundi ambao wakichoka huipa programu mamlaka yote ya msimamizi; karatasi hutoka, lakini mwizi akiivunja programu hiyo ameishika seva nzima. Mwaka 2021 udhaifu ulioitwa PrintNightmare ulionyesha jinsi huduma ya uchapaji ya Windows ilivyoweza kumpa mvamizi mamlaka ya juu kabisa. Marekebisho ya usalama ya Septemba mwaka huo yaliwaletea wengi kosa la 0x0000011b walipounganisha printa za pamoja, na wapo walioyang'oa marekebisho hayo ili wachape. Huko ni kuvunja ukuta ili kupitisha kitanda.

Liko pia kosa la kuchekesha, kama si kwa wale waliopanga foleni. Programu huganda tu, bila neno. Kumbe programu ya kuendeshea printa imefungua kidirisha ikiuliza ukubwa wa karatasi, na kidirisha hicho kimefunguka ndani ya seva, mahali pasipoonwa na mtu. Kitangoja jibu siku nzima. Microsoft wenyewe wameonya kwamba zana za uchapaji za .NET hazikukusudiwa kutumiwa ndani ya huduma wala programu za ASP.NET.

Na ikiwa seva iko mji mkuu na printa iko kambini mpakani, yenye anwani ya ndani inayoanza na 192.168, seva haitaifikia pasipo njia maalumu. Hapo heri programu itengeneze hati ya PDF, karani aifungue na kuichapa mwenyewe kwa printa iliyo karibu naye.

Kabla ya kuwasha upya huduma ya uchapaji, fundi aitazame foleni. Karani aliyekata tamaa huenda alibofya mara kumi, na kazi zote huenda zingali zimelala mle. Zisipofutwa, zitatoka zote kwa pamoja baada ya matengenezo, pengine wakati wa chakula cha mchana, na mishahara ya watu itabaki juu ya meza ikisomwa na kila apitaye.