Ukuta wa Alama za Mkaa

Nilipanda milima ya Mahenge mara ya kwanza nikiwa na begi moja na cheti kipya cha uuguzi wa afya ya akili kutoka Mirembe, Dodoma. Daraja la Kilombero lilikuwa bado. Tulivuka kwa kivuko, kisha lori likatupandisha. Nilijiandaa kwa watu wenye sonona na wale wanaosikia sauti. Nilikuta benchi limejaa watu wa kifafa, kwani kwetu kifafa na magonjwa ya akili hutibiwa mlango mmoja.

Mahenge ina historia yake na ugonjwa huu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aliandika habari za watoto wanaoinamisha vichwa mfululizo bila kutaka. Baadaye watafiti waliuhusisha ugonjwa na usubi, unaoenezwa na vijiinzi vya mito iendayo kasi. Dhidi ya usubi huo, vidonge vya ivemektini hugawiwa vijijini, kila mtu akipimwa urefu kwa kijiti ili kujua apewe vingapi. Hayo niliyajua upesi. Kuna jambo jingine lililonichukua miaka.

Daftari letu lilikuwa na safu: jina, umri, kijiji, ameanguka mara ngapi, fenobabitoni vidonge vingapi. Ukiona sifuri unaandika "anaendelea vizuri", unaita mwingine. Niliamini kabisa kwamba sifuri ile ndiyo kazi yangu.

Kijana mmoja wa miaka 19 aliletwa na mama yake. Alitolewa shule darasa la tatu, baada ya kuanguka darasani na wenzake kukimbia wakiogopa povu. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu la moto. Aliangukia mafiga, na waliokuwepo walisita kumgusa. Tukamwanzishia dawa. Miezi minane, sifuri. Mwezi wa tisa akaletwa kwa machela, degedege haliachi tangu alfajiri. Alikuwa ameacha vidonge ghafla. Nilimgombeza mama yake mbele za watu, na hadi leo nikikumbuka naona haya.

Alipopata nafuu niliwafuata nyumbani. Nyuma ya mlango mama, ambaye hakujua kuandika, alikuwa amechora kila kuanguka kwa mwanawe: mstari mmoja wa mkaa kwa kila mara, miaka na miaka, mistari imebanana kama meno ya chanuo. Halafu ukuta mtupu. Kisha mistari mitatu mipya. Nikamwuliza kijana kwa nini aliacha dawa.

"Dokta, nilipokuwa naanguka mama alikuwa hatoki hapa. Sasa wote wanakwenda shamba. Mimi kulima sijui, kusoma sijui. Wenzangu wana watoto. Nikipona nakuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa naye kwenye mkeka mpaka jua likainama, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikiliza mgonjwa wa kifafa bila kalamu mkononi. Kumbe tulikuwa tumemwondolea ugonjwa aliokuwa ameujengea maisha, tukamwacha na uwanja mtupu. Na dawa yenyewe yaweza kumlemea mtu, ikamtia unyonge. Hilo nilifundishwa, ila sikuwa nauliza.

Tangu hapo, mara moja kwa mwezi tulimaliza kugawa dawa mapema, tukakaa chini ya mwembe, wagonjwa pamoja na ndugu zao. Walisimulia hofu ya kuanguka sokoni, uchumba uliovunjika, hasira za kulindwa kama mtoto. Ndugu walijifunza kumlaza mtu ubavu na kutomtia chochote kinywani. Na kwenye daftari niliongeza swali moja: unakula na nani? Jibu lake lilinieleza mengi kuliko safu zote, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa na sahani ya mgonjwa, imewekwa peke yake.

Mjomba wa yule kijana alikubali kwenda naye shamba, mbali na mto, jembe tu bila panga. Mwaka uliofuata alikuja kliniki peke yake.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Unakula na nani siku hizi?"

"Na mjomba," akasema, akicheka. "Lakini mjomba ana mkono mwepesi. Ukichelewa kunawa, mboga huikuti."