Begi la Safari na Amana Iliyolowa: Mafunzo Tuliyoyapata Bangwe

Rasi ya Bangwe imejitokeza ziwani kusini mwa ghuba ya Kigoma, si mbali na mji mkongwe wa Ujiji. Asubuhi hewa ikiwa safi, milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa juu ya maji hata mgeni akadhani kuna mji mwingine huko mbele. Tulifika hapo kwa treni wakati wa likizo ya shule, tukapokewa na baba mdogo, ambaye amemaliza umri wake katika uvuvi.

Safari yetu ilikuwa na makusudio mawili. La kwanza, kuwapeleka vijana wetu Gombe ili wajionee sokwe na misitu aliyoiumba Mwenyezi Mungu. La pili lilikuwa zito zaidi: jirani yetu wa Dar es Salaam alitukabidhi dawa za shinikizo la damu tumfikishie mama yake mzazi, anayeishi katika kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini mwa Kigoma, ambako mtu hufika kwa boti. Dawa hizo tulizitia katika begi jipya la magurudumu, gumu na la kung'aa, ambalo tulilinunua kwa sababu lilitupendeza machoni.

Boti za kaskazini huondokea ufukwe wa Kibirizi. Pale hakuna sakafu laini kama ya uwanja wa ndege. Magurudumu yalizama mchangani tangu hatua za mwanzo, tukalazimika kulibeba begi mikononi, nalo halikuwa na mkanda wa kuvaa begani. Ndani ya boti lililazwa chini, chini ya magunia na madumu ya mawese, mahali yanapotuama maji yanayoingia kwa mawimbi. Tulipofika na kulifungua, tulikuta maji yamepenya kwenye zipu. Vidonge vilikuwa katika vile vibahasha vya karatasi vinavyotolewa dirishani, navyo vilikuwa vimegeuka uji mweupe.

Mama yule mzee hakutulaumu. Alisema, "Alhamdulillahi, mmefika salama, wanangu." Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama tumebakiwa na kidonge hata kimoja, kwani vyake vilikuwa vimekwisha jana yake. Hatukuwa nacho. Mmoja wetu alirudi Kigoma kwa boti ya kwanza ya asubuhi kununua nyingine, akarejea jioni. Usiku ule na mchana wake wote, sisi tuliobaki tulikuwa tukimtazama mama wa watu usoni kila mara, tukimwomba Mola asipatwe na jambo kwa uzembe wetu. Alhamdulillahi hakupatwa. Lakini kurejesha amana kwa wenyewe ni amri iliyomo katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, na amana ile tuliifikisha ikiwa imeharibika.

Tuliporudi Bangwe tulimweleza baba mdogo. Akaligeuza begi, akatazama magurudumu yaliyojaa mchanga, akasema, "Begi hili mmelichagulia uwanja wa ndege, wanangu. Hamkulichagulia ziwa." Ndipo akatuonyesha anavyofunga vyombo vyake. Simu, kiberiti na karatasi huziweka katika kopo la plastiki lenye mdomo mpana na mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha. Kopo hulitia ndani ya begi la turubai lenye mikanda miwili ya mgongoni. Begi hulifunga kwa kamba juu ya ubao wa kukalia, wala halilazi chini. Hivyo maji yakitaka kukifikia kitu chake, yakutane na vizuizi vitatu.

Tulipotembea Ujiji siku iliyofuata, tulitambua kwamba elimu hii ni ya zamani katika mwambao huu. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Mpagazi alibeba kichwani au begani mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32. Majora ya merikani na kaniki yalikazwa kwa kamba na kuvikwa mikeka, shanga zikatiwa mifukoni, na koili za waya zikaning'inizwa kwenye mti. Mzigo wa mpagazi mmoja uliitwa mtumba, neno ambalo leo tunalitumia kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Hatupendi kusahau kwamba katika njia hiyohiyo walipitishwa pia watu waliofanywa watumwa, na wengi walibeba mizigo bila hiari yao. Lakini namna ya kufunga ilikuwa na hekima: mzigo ulipimwa kwa nguvu ya anayeubeba na kwa njia anayoipita.

Mfano mkubwa zaidi ni meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiwa na jina la Graf von Götzen, kisha ikavunjwa vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakaletwa kwa reli hadi Kigoma, na meli ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani walipozidiwa vitani mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, ila mafundi walitangulia kuzipaka injini zake grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zilikaa majini karibu miaka minane, zikapona kwa sababu kuna waliozikinga kabla maji hayajafika. Nasi tulishindwa kukinga vidonge kwa saa chache.

Kwa hiyo tulipoamua kununua begi jingine, tuliuliza kwanza njia, ndipo tukauliza sura. Tunawaeleza wasomaji yale tuliyoyazingatia, hasa wenye vijana wanaopenda safari za milimani, ziwani na porini.

Kwanza ni kitambaa na mishono. Turubai zito la pamba au nailoni nene hustahimili misuguano kuliko plastiki ngumu, ambayo ikipasuka haishoneki. Lipindue begi nje ndani kabla ya kulipa. Pale mikanda na vishikio vinapounganika na begi, uzi uwe umepita mara nyingi juu ya mahali pamoja, kwani hapo ndipo uzito wote unapovutia. Zipu iwe pana, na uifunge na kuifungua mara kadhaa begi likiwa limejazwa. Begi la mtumba lenye mishono hii ni bora kuliko jipya lisilo nayo, na fundi viatu anaweza kuliongezea mshono kwa gharama ndogo.

Pili ni uzito na vipimo. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 7 tu za mzigo wa mkononi, na begi lisizidi kama sentimita 55 kwa urefu, 40 kwa upana na 20 hivi kwa kina. Begi lenye magurudumu na vyuma vya kuvutia hula kilo mbili au tatu kabla hujatia hata kanzu. Ndege ndogo za kwenda hifadhini kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa jumla, na hutaka begi laini linaloweza kubonyezwa likaingia katika nafasi finyu. Kipimo chetu cha nyumbani ni hiki: kila mmoja abebe begi lake mwenyewe, likiwa limejaa, na kupanda nalo ngazi bila msaada. Akishindwa, apunguze vitu. Asiyeweza kubeba mzigo wake huwabebesha wenzake.

Tatu ni rangi. Maduka ya vifaa vya uwindaji huuza mabegi yenye madoadoa ya kijeshi. Hapa Tanzania tuyaepuke kabisa. Sheria inawakataza raia kuvaa sare za jeshi, na mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa agizo kwa raia wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake. Aidha, mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Anayekwenda porini achague rangi ya kaki au ya udongo.

Nne ni kinga ya maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo, imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo asitegemee mtu kuivalisha mizigo yake. Kopo la baba mdogo linatosha. Dawa zibaki katika pakiti zake za kiwandani, na zile za bahasha zihamishiwe katika chupa kavu yenye mfuniko na maandishi ya jina na kipimo.

Tano ni yaliyo halali kubebwa na mahali pake. Betri ya akiba ya simu hukaa katika begi la mkononi, wala haipelekwi na mizigo ya chini ya ndege. Kisu ni kinyume chake: hakiingii kwa abiria. Silaha na risasi husafirishwa kwa kibali, katika sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, mbali na abiria. Uwindaji wenyewe ni halali kwa Muislamu kwa masharti yake, isipokuwa windo la nchi kavu kwa aliye katika ihramu. Lakini uhalali huo hauondoi wajibu wa kibali cha serikali. Katika Pori la Akiba la Moyowosi, mkoani Kigoma, uwindaji hufanyika kwa leseni, ama katika hifadhi za taifa kama Gombe na Mahale umekatazwa. Tusikubali kupakiwa nyama ya porini katika mabegi yetu kwa jina la zawadi.

La mwisho ni mahitaji ya ibada. Begi letu sasa lina mfuko wa nje wenye mswala mwembamba, chupa ya maji ya udhu, kanga na dira ndogo. Kigoma iko magharibi zaidi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo kibla chake ni kaskazini ikiinama kidogo mashariki. Mfuko huo hufunguka bila kupekua nguo, na kwa hiyo wakati wa sala hautupiti tukitafuta vitu ufukweni. Chakula nacho kina mahali pa kufungika vizuri, kwa kuwa nyani wa Gombe hawaogopi kupora mkoba ulio wazi.

Wiki hiyohiyo tulisafiri tena kutoka Kibirizi, safari hii na vijana wote. Kila mmoja alikuwa na begi lake mgongoni, na kopo lilikuwa ndani ya begi la turubai tulilopata katika soko la Mwanga, lililofifia rangi lakini lenye mishono mizima. Mawimbi yalikuwa makubwa kuliko mara ya kwanza, tukalowa sisi hadi magotini. Kabla ya kwenda Gombe tulimpitia mama yule na dawa za mwezi wa pili. Alifungua kopo, akakuta kila kitu kikavu, akacheka na kututakia kheri. Kisha akaomba tumwachie kopo lile, akisema dawa zake hukaa karibu na mtungi wa maji.

Tulimwachia. Surat Al-Baqara, aya ya 197, inataja masurufu ya safari na kuutaja uchamungu kuwa bora yake. Tuliporudi Bangwe tukielewa kwamba kufunga vizuri amana ya mtu ni sehemu ya uchamungu huo. Mwenyezi Mungu azifanye nyepesi safari zetu na zenu. Wabillahi tawfiq.