Madirisha Manne na Macho Mawili

Nyumba yenye madirisha manne ni njema, kwa kuwa hewa huingia na nuru haikosi. Lakini hapana mtu aliyepata kuchungulia nje kwa madirisha manne kwa wakati mmoja. Jambo ambalo nyumba haikuthubutu kumwahidi mwanadamu, kompyuta imemwahidi: kwamba picha nne ziendazo, kila moja katika dirisha lake, zitakuwa mbele yake pamoja, naye atazitazama zote.

Ahadi hii haikuanza jana. Tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart aliketi mbele ya hadhara mjini San Francisco, na katika kioo kimoja watu wakaona maandishi yake pamoja na uso wa mwenzake aliyekuwa Menlo Park, umbali wa karibu kilomita 50. Mwaka 1973 ikazaliwa mashine iitwayo Alto katika kituo cha utafiti cha Xerox, na muda si mrefu madirisha yakaweza kulaliana juu ya kioo chake kama karatasi mezani. Leo mashine ya kawaida hufanya makubwa kuliko hayo. Kila mkondo wa picha husafiri umekunjwa ili upite njiani kwa wepesi. Mashine huukunjua, ikachora picha 25 au 30 kwa sekunde moja. Mikondo minne ni kazi hiyo mara nne, yaani picha 100 au zaidi kwa kila sekunde. Mzigo ukiizidi nguvu, mashine hukiri: feni yake huvuma, na picha hukwama. Haioni haya kukiri udhaifu wake. Mwanadamu hakiri hivyo. Huendelea kutazama, akidhani kwamba anaona.

Wataalamu wameupima udhaifu huu. Mwaka 1975 Ulric Neisser na Robert Becklen waliwaonyesha watu picha za michezo miwili katika kioo kimoja, mmoja juu ya mwingine. Kufuata mchezo mmoja na kuuacha wa pili hakukuwa na taabu. Kufuata yote miwili kulikuwa taabu kubwa. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwapa watu kazi ya kuhesabu mara ambazo wachezaji walipeana mpira. Mtu aliyevaa vazi la gorila akapita katikati ya mchezo, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Hilo lilikuwa dirisha moja tu; ya manne yatakuwaje?

Palikuwa na mwanafunzi aliyeishi mbali na kwao. Usiku mmoja alifungua madirisha manne: katika la kwanza mhadhara, katika la pili mpira, katika la tatu habari za ulimwengu, na katika la nne mama yake mzazi. Sauti ya matatu aliizima kwa heshima ya mama, akajiona ametimiza wajibu. Mama alisema, na kijana akaitikia, "Naam, mama," macho yakiwa langoni mwa mpira. Mama akainua mkono wake mbele ya kioo; kijana akatabasamu, maana bao lilikuwa limeingia.

Kesho yake dada yake akampigia simu. "Kaka, mama anauliza amekukosea nini. Alikuonyesha mkono uliovunjika, nawe ukamchekea."

Kijana hakuwa na jibu. Mkono uliofungwa bendeji ulikuwa umepita mbele ya macho yake, nao haukuonekana. Wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Yeye alikuwa amejitwika nne.

Si haki kuyalaumu madirisha. Mlinzi wa ghala huyahitaji mengi, kwa sababu hangoji ila jambo moja, nalo ni mwendo mahali pasipostahili mwendo. Lakini uso wa mtu haulindwi kama ghala, hutazamwa. Atakaye kulinda na afungue madirisha mengi; atakaye kuonana na mwenzake hana budi kuyafunga mengine.

Jioni ile kijana aliyafunga matatu. "Shikamoo, mama," alisema. "Nionyeshe tena mkono wako."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama, akaunyosha polepole, kwa maana ulikuwa ukimuuma.